Dipu hausi: vyumba, mashine na watu walioitengeneza

Ndugu zangu maDJ, maprodyuza, mafundi wa sauti, na ninyi mliokuja kwa kuwa mnaupenda tu muziki huu: habari za jioni, na asanteni kwa kufika.

Dipu hausi (deep house), tawi tulivu la hausi, muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine, huelezwa kwa kawaida kwa mafungu mawili. Kwanza inakuja historia, majina na miaka, halafu historia inafungwa na watu wanahamia kwenye mbinu za studio. Sisi tunaona ni habari moja. Urefu wa nyimbo hizi, kiki (ngoma kubwa ya chini) isiyokoma, kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinazoelea, utangulizi mrefu usio na mwimbaji: karibu kila kimoja kilisababishwa na hali ya watu waliokosa pa kwenda, waliokosa leseni na waliokosa pesa ya studio. Anayejua sababu hukata na kubakiza kwa akili. Asiyejua hunakili tu, na matokeo yake tunayasikia kila wiki.

Tuanzie Chicago, mwaka 1977. Robert Williams alifungua klabu iitwayo Warehouse katika jengo la ghorofa tatu, namba 206, barabara ya South Jefferson, eneo la viwanda. Akamleta Frankie Knuckles, kijana wa Bronx aliyezaliwa 1955, ambaye pamoja na rafiki yake Larry Levan alikuwa amejifunza kazi ya u-DJ huko New York. Waliojaza ukumbi ule walikuwa hasa vijana Weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja. Kuna watu huku kwetu wanaoupenda muziki huu lakini wangetamani sehemu hiyo irukwe. Hairukiki. Ukiiondoa, hakuna kinachoeleza kwa nini klabu ile ilihitajika. Kijana wa aina hiyo alikuwa na milango miwili iliyofungwa: mtaani kwao na kanisani alikataliwa kwa jinsi anavyopenda, na kwenye baa za mashoga wa Kizungu alikataliwa kwa rangi yake. Mbinu ya mlangoni ilijulikana: Mzungu anaonyesha kitambulisho kimoja au haulizwi kabisa, Mweusi anadaiwa viwili, vitatu, mpaka anachoka na kuondoka.

Warehouse haikuuza pombe. Ilikuwa ukumbi wa juisi, kwa hiyo haikufungwa na saa za kufunga baa. Watu waliingia Jumamosi usiku na wengine walitoka Jumapili jua likiwa kali. Hapo ndipo muziki wenyewe unapoanza kubadilika. Mchezaji asiyelewa na asiye na haraka anacheza saa nane, saa kumi. Wimbo wa dakika tatu wa redioni haumfai, unaisha kabla mwili haujapata moto. DJ anahitaji dakika nane, kumi, za mdundo usiokatika, na anahitaji mwanzo na mwisho wenye ngoma tupu ili wimbo mmoja uingie ndani ya mwingine bila sauti mbili kugombana.

Santuri za namna hiyo zilikuwepo wakati wa disko, kisha zikaanza kuadimika. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago hapohapo, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita mashabiki walete santuri za disko zilipuliwe katikati ya uwanja, kiingilio senti 98. Maelfu wakaja. Baada ya mlipuko watu wakavamia uwanja, nyasi zikaharibika, na mechi ya pili dhidi ya Detroit Tigers ikashindwa kuchezwa, wenyeji, White Sox, wakahesabiwa wameshindwa. Kijana Mweusi aliyekuwa akifanya kazi ya kuelekeza watu kwenye viti siku ile, Vince Lawrence, ameeleza kwamba santuri nyingi zilizoletwa hazikuwa hata za disko. Zilikuwa muziki wa watu Weusi tu, soul na funk. Mkumbukeni huyo Lawrence, tutakutana naye tena.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilikimbia neno disko kama ukoma. Santuri mpya za kuchezea zikapungua, na ukumbi Jumamosi bado umejaa. Knuckles akafanya lililowezekana: akachukua za zamani, akazikata na kuziunga upya kwenye utepe wa rili.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa panya ya kompyuta ikiwepo. Utepe wa rili wa studio unakwenda sentimita 38 kwa sekunde. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, yaani sentimita 19 za utepe. Mzunguko wa mapigo manne ni sentimita 76. Fundi alizungusha rili kwa mikono, mbele nyuma, taratibu, akisikiliza kiki ikinguruma inapopita kwenye kichwa cha kusomea. Akiipata pale inapoanza, anaweka alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa utepe. Anaulaza utepe kwenye kibao chenye mfereji, anakata kwa wembe kwa mshazari, anaunganisha na kipande kingine kwa gundi ya utepe. Ili kurefusha kipande cha ngoma kwa mizunguko 16, anakili kipande hicho mara kadhaa na kuunga nakala zote, moja baada ya nyingine.

Makosa yake yalikuwa ya wazi. Ukikata milimita nne nje ya alama, umekosea kama sekunde moja ya mia, na mchezaji anahisi mguu umeteleza. Ukitumia utepe wa kasi ndogo, sentimita 19 kwa sekunde, pigo linakaa kwenye sentimita tisa na nusu tu na kosa lilelile la mkono linakuwa kubwa maradufu. Wembe ukishika sumaku, kila kiungo kinatoa mlio wa “tik”. Na kila unaponakili nakala, mvumo wa utepe unaongezeka. Ndiyo maana aliyerefusha wimbo alichagua kurudia kipande kisicho na mambo mengi: ngoma, besi, labda gitaa kidogo. Utangulizi mtupu wa nyimbo za hausi ulianzia kwenye kazi ya namna hiyo, na umebaki hata baada ya utepe kuondoka.

Mwaka 1982 Knuckles aliondoka Warehouse na kuanzisha klabu yake, Power Plant. Williams akaendelea na Music Box chini ya Ron Hardy, ambaye alipiga kwa kasi zaidi, kwa sauti kubwa zaidi, na wakati mwingine aliugeuza utepe ucheze kinyumenyume. Mjini watu walibishana nani zaidi. Kwa upande wetu tunasema dipu hausi imerithi subira ya Knuckles, lakini bila ujasiri wa Hardy wa kupokea kaseti ya kijana asiyejulikana na kuipiga usiku huohuo, vijana wengi wa Chicago wangekata tamaa mapema.

Sasa mashine. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980 na TR-909 miaka mitatu baadaye. Zilikusudiwa kumsaidia mwanamuziki asiye na mpiga ngoma. Wanamuziki wengi hawakuzipenda kwa sababu hazikusikika kama ngoma za kweli, 909 ikaacha kutengenezwa muda si mrefu, na zikaishia madukani kama mitumba. Kijana wa South Side, mitaa ya kusini ya Chicago, aliyekuwa na kazi ya kawaida akaweza kununua. Knuckles mwenyewe alipata 909 yake kutoka kwa Derrick May wa Detroit, akawa anaipiga chini ya santuri ili kuzipa kiki nzito. Mwaka 1984 Jesse Saunders, pamoja na yule Vince Lawrence wa uwanjani, wakatoa santuri ya “On and On”, ambayo wengi huihesabu ya kwanza ya hausi. Ilitengenezwa na vijana wenyewe kwa vifaa hivyo na kuuzwa na wao wenyewe.

Miaka miwili baadaye Larry Heard, mpiga ngoma aliyejifunza vinanda, akitumia jina la Mr. Fingers, alitoa “Can You Feel It”. Kinanda cha Juno-60, mashine ya 909, basi. Hakuna mwimbaji katika toleo la kwanza. Kama mnataka kujua neno “dipu” linahusu nini, sikilizeni jinsi alivyoacha nafasi. Heard alitoka kwenye jazi na roki, na kordi alizoleta hazikuwa za kawaida kwenye muziki wa mashine. Waimbaji waliofuata, kama Robert Owens, wakaleta sauti ya kanisani. Kwa hiyo kanisa lililowafungia mlango baadhi yao lilirudi kupitia koo zao.

Tuingie jikoni, yaani studio. Weka kasi kati ya mapigo 118 na 124 kwa dakika, tuchukue 120. Gawa mzunguko kwa hatua 16, kama vitufe 16 vya 909. Kiki iwe hatua ya 1, 5, 9 na 13. Makofi hatua ya 5 na 13. Toazi (hi-hat) lililo wazi hatua ya 3, 7, 11 na 15. Toazi lililofungwa hatua zote, lakini kwa nguvu tofauti, maana likilingana mwanzo mwisho linachosha sikio ndani ya dakika mbili.

Kisha mbembeo (swing), yaani kuchelewesha kidogo kila hatua ya pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwa mapigo 120, hatua mbili zinachukua milisekunde 250. Bila mbembeo hatua ya pili inaanguka kwenye 125. Ukiweka mbembeo wa asilimia 56 inaanguka kwenye 140, yaani inachelewa milisekunde 15, na kiuno kinaelewa. Ukivuka asilimia 62 ngoma inaanza kuchechemea. Mbembeo uguse matoazi na vikorombwezo, kiki na makofi vibaki palepale. Tumesikia kazi nyingi ambazo prodyuza ameweka mbembeo kwenye kila njia, pamoja na besi na kordi, halafu anashangaa kwa nini muziki umelegea.

Kordi: anza na A ndogo ya tisa (Am9), kwa sababu funguo zake zote ni nyeupe. A kwa mkono wa kushoto. C, E, G na B kwa mkono wa kulia. Sasa usibadilishe umbo la vidole. Lihamishe lote funguo mbili juu, ukihesabu na nyeusi, halafu lirudishe, halafu funguo mbili chini. Mwalimu wa muziki wa kwaya atakwambia umetoka nje ya skeli, na ni kweli umetoka. Sauti hiyo ya kuelea inatokana na vifaa: baadhi ya vinanda, kama Korg Polysix, vilikuwa na kitufe cha kukumbuka kordi, unabonyeza ufunguo mmoja na kordi nzima inahama na umbo lake. Waliorekodi kordi kutoka kwenye santuri na kuichezesha kwa funguo tofauti walipata matokeo hayohayo. Mtu asiyesomea kinanda aliweza kupiga kordi za jazi kwa kidole kimoja. Kordi isianguke kwenye pigo la kwanza kila mara; ijaribu hatua ya 4 au ya 7. Kata masafa yake yote yaliyo chini ya 200 Hz (mitetemo 200 kwa sekunde), huko ni kwa besi.

Besi na kiki ndizo zinazowashinda watu kuliko kitu kingine. A ya chini iko kwenye 55 Hz. Mkia wa kiki ya aina ya 909 mara nyingi uko karibu na 50 Hz. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo zikilia pamoja zinagongana: utasikia mtikisiko wa mara tano kwa sekunde, na spika kubwa itaonekana kama inapumua vibaya. Kwenye simu hutausikia kabisa, ukumbini utakuaibisha. Tiba ni tatu. Fupisha mkia wa kiki mpaka chini ya milisekunde 200. Au ipandishe kiki ifikie 55 Hz ilingane na besi. Au, hii ndiyo tunayoipendelea, panga besi isianze pamoja na kiki. Iache hatua ya 1, iingie ya 3 au ya 4. Siku hizi watu hukimbilia kompresa inayoshusha besi kila kiki inapopiga. Inafaa ikishusha desibeli 2 hadi 4 na kuachia ndani ya milisekunde 120 hivi. Ikizidi hapo, muziki wote unavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu, na huo ni mtindo mwingine.

La mwisho jikoni: korasi ya Juno, yaani athari ya kunenepesha sauti iliyomo kwenye kinanda hicho, ni tamu kwa sababu inatawanya sauti kulia na kushoto. Kumbi nyingi, hapa kwetu na kwingine, zimeunganishwa mono, yaani spika zote zinatoa sauti moja, na kilichotawanywa kupita kiasi kinajifuta chenyewe. Bonyeza kitufe cha mono kabla hujatoa wimbo. Kordi zikipotea, punguza upana, usiongeze sauti.

Turudi kwa watu, maana ngoma ilihamia pengine. New York kulikuwa na Paradise Garage ya Larry Levan, nayo haikuuza pombe, kuanzia 1977 hadi 1987. Ng'ambo ya mto, mjini Newark, New Jersey, klabu iliyoheshimika zaidi kwa hausi ya uimbaji iliitwa Zanzibar, na DJ wake Tony Humphries. Msicheke sana, jina tu ndilo lililotoka kwetu. Lakini kazi za mtu wa New Jersey kama Kerri Chandler, zenye besi pana na kinanda cha kikanisa, zimekulia kwenye hewa ya ukumbi ule.

Na wakati huohuo UKIMWI ulikuwa unapita katika kumbi hizo. Michael Brody, mwenye Paradise Garage, alifariki mwaka uleule klabu ilipofungwa. DJ, mshona nguo, mlinzi wa mlangoni, mchezaji aliyejulikana na kila mtu: nafasi zikabaki wazi sakafuni. Kwa hiyo mtu akikwambia dipu hausi ina huzuni kwa sababu ya kordi ndogo (minor), mwambie kordi ndogo zipo kwenye miziki mingi. Hawa walikuwa wakizika.

Muziki ukavuka hadi Uingereza, na kufikia Januari 1987 santuri ya Chicago ya Steve “Silk” Hurley ilikuwa namba moja huko. Wengi waliopata pesa hawakuwa wale wa South Jefferson. Afrika Kusini njia ilikuwa tofauti. Vijana wa vitongoji vya Weusi walichukua hausi, wakaipunguza kasi, wakaitia lugha zao, ikawa kwaito katika miaka ya 1990. Dipu hausi yenyewe ikawa muziki wa kawaida wa teksi na wa sherehe za mtaani, jambo ambalo Marekani halijawahi kutokea kwa kiwango hicho. Kutoka hapo ikazaliwa amapiano, mapigo kama 112 hivi, na ile besi ya gogo (log drum) iliyotokana na sauti iliyokuja tayari ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Hadithi ileile ya 909: kifaa kilicho mkononi, kikatumiwa zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji. Ni kwa mlango huo wa amapiano ndipo kordi za Chicago zilipoingia Bongo Fleva. Singeli ni habari nyingine. Imetoka uswahilini Dar es Salaam kwa njia yake, kwa kasi inayozidi mapigo 200, na tusiilazimishie undugu na hausi.

Nimalizie na karatasi, kwa sababu hapo ndipo walioanzisha waliumia zaidi. Santuri nyingi za mwanzo za Chicago zilitoka bila mkataba unaoeleweka, au kwa mkataba ambao kijana alisaini bila kuusoma kwa ajili ya dola mia chache. Larry Heard na Robert Owens waliishtaki kampuni ya santuri ya Trax mwaka 2020 kwa nyimbo za katikati ya miaka ya 1980, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2022, haki zikarudi kwao. Zaidi ya miaka 30.

Kwa hiyo kabla hamjazima kompyuta ya studio, andikeni ukurasa mmoja. Jina kamili la kila aliyehusika na jina lake la kisanii. Asilimia za utunzi, zinazojumlishwa zikafika 100. Aliyepiga kordi na aliyeandika maneno wote ni watunzi. Asilimia za rekodi, kando, maana utunzi na rekodi ni mali mbili tofauti. Nani amelipia studio na kama analipwa kwanza. Sampuli yoyote (kipande cha rekodi ya mtu mwingine) iliyotumika na ilikotoka. Tarehe na saini za wote, na kila mmoja aondoke na picha yake kwenye simu. Aliyeko Tanzania apeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, aliyeko Kenya akaisajili kwenye ofisi ya hakimiliki ya huko. Kosa tunaloliona sana ni kuandika “tutagawana sawa” bila kusema sawa ya nini: mwimbaji anaelewa nusu ya kila kitu, prodyuza anaelewa nusu ya shoo tu, na hilo linagundulika siku wimbo unapoanza kuingiza pesa. Fomu tupu ziko pale mezani karibu na mlango, chukueni mbili mbili.